Mita Tano na Nusu Mbele ya Mlango wa Gereji

Anayejenga nyumba mjini hukutana na masharti ya kuacha nafasi mapema sana, ramani ikiwa bado kwenye meza ya mchoraji. Mbele acha mita kadhaa, pembeni kadhaa, nyuma kadhaa. Kwa upande wa nyumba yenyewe wengi huyapokea bila ubishi. Ubishi huanza zamu ya gari inapofika. Gereji si chumba cha kulala, mwenye nyumba hujisemea, na banda la gari ni nguzo nne na bati tu; kwa nini vizuiwe kusogea hadi mpakani kwa jirani au hadi ukingoni mwa barabara? Akiuliza kwenye dirisha la ofisi ya vibali, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ndivyo kanuni inavyosema, na jibu hilo ndilo linalozifanya kanuni hizi zionekane za kuonea watu. Ukizichunguza moja moja utakuta kila kipimo kina kazi yake, na kazi hizo hazina uzito sawa. Kipimo kinachostahili kulindwa bila huruma ni kimoja: umbali kati ya mlango wa gereji na njia ya waenda kwa miguu. Vya pembeni na nyuma vinaweza kulegezwa kwa masharti, na vingine vinalinda sura ya mtaa tu.

Nchi iliyoandika mambo haya kwa undani kuliko nyingi ni Marekani, na kuna mengi ya kujifunza huko, hata pale walipokosea. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya kijiji cha Euclid karibu na Cleveland, Ohio, iliamua kwamba mji una mamlaka ya kugawa ardhi yake kwa matumizi mbalimbali. Mwaka uliofuata ikaja kesi isiyotajwa sana ila inayotuhusu zaidi hapa, Gorieb dhidi ya Fox, kutoka Roanoke, Virginia. Mwenye kiwanja alitaka kujenga duka la matofali katika mtaa wa makazi, akaambiwa arudi nyuma ya mstari wa ujenzi, akaenda mahakamani akidai kwamba ananyang'anywa mali yake bila utaratibu wa haki. Akashindwa. Mahakama ilitaja mwanga na hewa ya jirani, vumbi na kelele za barabara, na moto unaoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Ikataja pia jambo ambalo kwa mwaka 1927 lilionyesha kuona mbali: jengo linalochomoza mbele ya mengine huziba macho kwenye kona za barabara, likawa hatari kwa wanaoendesha magari. Sababu zote hizo zinaweza kupimwa. Tatizo lililofuata ni kwamba miji mingi ilibeba kipimo ikaiacha sababu.

Chukua kipimo cha mbele. Portland, Oregon, ina kanda ya makazi iitwayo R5, ambamo nyumba inatakiwa kukaa angalau futi 10 kutoka mpaka wa mbele, yaani kama mita 3. Lakini mlango wa gereji unaoangalia barabara unatakiwa kuwa futi 18 nyuma ya mpaka huo, karibu mita 5.5. Asiyeelewa ataona ni ukali usio na maana: sebule iruhusiwe kusogea mbele kuliko gereji? Maana yake iko kwenye urefu wa magari. Toyota Probox ina mita 4.2 hivi, Corolla ya siku hizi karibu 4.6, Land Cruiser 300 inakaribia 5, na Hilux ya milango minne ni kama 5.3. Futi 18 ni nafasi ya gari moja kusimama mbele ya mlango uliofungwa bila mkia wake kukanyaga njia ya watu. Mtunga kanuni hakuokota namba hewani, na si ajabu kwamba miji mingine ya nchi hiyo imefikia futi 20 kwa hesabu ileile.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kipimo hiki kinafuata urefu wa gari uko katika sehemu nyingine ya kanuni za Portland, ile ya kanda za nyumba za familia nyingi. Huko kuna mahali ambapo mlango wa gereji unaruhusiwa kuwa futi 5 au pungufu kutoka mpaka, au futi 18 na kuendelea. Katikati hapana. Ukiwa umezoea kanuni zinazosema "usipungue hapa", hii inashangaza, maana anayeacha futi 12 ana kosa ilhali aliyeacha futi 4 hana. Lakini futi 12 ni mita 3.7, na mita 3.7 zinamshawishi dereva aegeshe kwa kujibanza, nusu ya buti ikining'inia juu ya njia. Futi 4 hazimshawishi mtu. Ni dhahiri gari halitoshi, kwa hiyo litaingia ndani au litatafuta mahali pengine. Naipenda kanuni hii kwa akili yake, ingawa ina kasoro. Mlango ukiwa mita moja na kitu kutoka mpakani, dereva anayetoka kinyumenyume huwa bado yuko kati ya kuta wakati taa zake za nyuma zimeshafika njiani. Yeye amekaa mita mbili na zaidi kutoka kwenye mkia wa gari. Mtoto mwenye baiskeli anafika nyuma ya gari kabla dereva hajaona chochote. Futi 5 zinatatua tatizo la gari lililosimama, lile linalotembea linabaki. Futi 18 zinayatatua yote mawili, na kama ningeulizwa ningezitaka hizo kila mahali ambapo kiwanja kinaruhusu.

Atatokea wa kusema kwamba gari lina chumba chake, kwa hiyo hakuna haja ya kulipimia nafasi nje. Kwa karatasi ni kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walizifuatilia familia 32 za eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakachapisha matokeo katika kitabu mwaka 2012: kati ya kila gereji nne, tatu hazikuwa na nafasi ya gari. Zilijaa maboksi, baiskeli, samani za zamani, friji ya pili, vitu ambavyo mtu hana moyo wa kuvitupa. Gari lilikuwa nje. Kwa hiyo maegesho ya kweli ya nyumba ni ule uwanja mdogo ulio mbele ya mlango, na kipimo cha mbele ndicho kinachoamua kama gari litakuwa ndani ya kiwanja au juu ya njia ya umma. Jiji likipunguza kipimo hicho kwa matumaini kwamba watu watalaza magari ndani, linapanga mji kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Na njia hiyo ya umma haitumiwi na wenye miguu mizima tu. Mtu asiyeona hupapasa kwa fimbo karibu na ardhi. Mkia wa pikapu unaochomoza uko juu kuliko ncha ya fimbo, kwa hiyo fimbo inapita chini yake salama na paja ndilo linalogonga bampa. Mwenye kiti cha magurudumu akikuta njia imezibwa hana pa kupita ila kurudi hadi kwenye mteremko wa karibu, ashuke, aende barabarani pamoja na magari. Sheria ya magari ya California inakataza gari kuegeshwa hata sehemu ya mwili wake ikiwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi iliyouhusu mji wa Sacramento, kwamba njia hizo zinabanwa na sheria ya mwaka 1990 ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Faini inamfikia dereva baada ya kosa. Umbali wa mlango unalizuia kosa kabla gereji haijajengwa, na hauhitaji askari.

Hapo ndipo inapokuja lawama yenye nguvu zaidi dhidi ya kanuni hizi, nayo ni kwamba zinakula ardhi. Ni lawama ya haki, ila inaelekezwa pasipo pake. Tuchukue kiwanja chenye upana wa mita 15. Mji ukilazimisha nyumba nzima irudi nyuma kutoka mita 3 hadi mita 5.5 kwa sababu ya gari, mwenye kiwanja amepoteza mita za mraba 37.5 zaidi, chumba kikubwa na ukumbi wake. Ukilazimisha mlango wa gereji peke yake, na njia ya gari ina upana wa mita 3, amepoteza mita za mraba 7.5. Tofauti ni mara tano. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa vizuri huubana mlango na kuiachia nyumba isogee. Miji iliyoandika mita 6 au 7 kwa jengo zima, ikidai ni usalama wa magari, imewatoza watu wote gharama ya tundu moja la ukuta.

Portland yenyewe haikuishia kwenye usalama. Mwaka 1999 ilipitisha kanuni nyingine kwamba ukuta wa gereji unaoangalia barabara usizidi nusu ya upana wa uso wa nyumba, na usichomoze mbele ya nyumba yenyewe. Zilizolengwa zilikuwa nyumba ambazo ukizitazama kutoka barabarani unaona mlango wa gereji tu, mlango wa watu umejificha pembeni kama wa stoo. Wajenzi walipiga kelele kwamba serikali inaingilia ladha. Sidhani walikosea kabisa. Kuna hoja kwamba nyumba zenye madirisha yanayoangalia barabara zinaufanya mtaa uwe na macho, lakini hoja hiyo haina kipimo kama ile ya urefu wa Hilux, na mwananchi akiomba kusamehewa sharti la namna hii, ofisa angepaswa kuwa mwepesi kusikiliza.

Tukienda pembeni na nyuma, sababu kuu inageuka kuwa moto. Gereji ina petroli, rangi, betri inayochajiwa. Kanuni za kimataifa za ujenzi wa nyumba za kuishi, ambazo majimbo mengi ya Marekani huzitumia kwa marekebisho yao, zinasema ukuta ulio chini ya futi 5 kutoka mpakani, kama mita 1.5, ujengwe uweze kuhimili moto kwa saa moja, na ulio chini ya futi 3 usiwe na dirisha wala tundu. Kuna unafuu kwa nyumba zenye mfumo wa kunyunyiza maji. Angalia jinsi sharti lilivyo: ama umbali, ama ukuta imara. Mjenzi anachagua. Ukuta wa tofali la saruji lisilo na tundu unafanya kazi ambayo hewa tupu ya mita moja na nusu ilikuwa inafanya. Ndiyo maana Portland inaruhusu gereji ndogo iliyojitenga kukaa ndani ya nafasi ya pembeni na nyuma, mradi iwe futi 40 kutoka mpaka wa mbele, isizidi futi 24 kwa 24, na kuta zake zisizidi futi 10 kwenda juu. Jirani hapotezi mwanga mwingi kwa ukuta wa mita 3, na moto umeshashughulikiwa. Anayebaki kusisitiza nafasi ileile ya nyumba ya ghorofa kwa kibanda cha namna hiyo inabidi aeleze anamlinda nani.

Banda la gari lina kesi yake ya pekee. Mwenye nalo hudai si jengo, kwa kuwa halina kuta, na kwa upande mmoja ana haki: moshi na mvuke wa petroli hautuami chini ya paa lililo wazi. Ndiyo maana kanuni hizohizo za kimataifa zinalipa banda masharti mepesi, ila kwa sharti kwamba liwe wazi angalau pande mbili. Likikosa hilo linahesabiwa gereji. Udhaifu wa unafuu huu unafahamika kwa kila mkaguzi. Mwaka wa kwanza ni nguzo na bati. Mwaka wa pili linaongezwa turubai upande wa mvua. Mwaka wa tatu tofali kozi nne, "kuzuia matope", kisha nondo, kisha mlango, na mwishowe kijana wa familia analala humo. Aliyepewa ruhusa ya kukaa karibu na mpaka kwa sababu ya uwazi amebaki na ukaribu, uwazi haupo. Hii si sababu ya kukataza mabanda. Ni sababu ya kuandika katika kibali kwamba ruhusa inakwenda na uwazi, ili atakayeziba ajue anaanza upya.

Bado kuna maji, ambayo kwa majirani wengi ni chanzo cha ugomvi kuliko moto. Nguzo zinaweza kuwa nusu mita ndani ya kiwanja na upenu wa bati ukaishia kichwani mwa jirani, na mvua ikinyesha yote inamwagika kwake. Kipimo cha banda, kwa hiyo, kisiishie kwenye nguzo. Kipimwe pia hadi ncha ya bati, na upande wa mpakani pawe na gata inayorudisha maji kwa mwenyewe. Wengi hukosea pia kwa kupimia kutoka ukingo wa lami. Mpaka wa kiwanja mara nyingi uko ndani zaidi, nyuma ya njia ya waenda kwa miguu au hifadhi ya barabara, na anayeanzia kwenye lami anajikuta amejenga juu ya ardhi isiyo yake. Tena ukanda ulioachwa kwa ajili ya bomba la maji au nyaya za umeme ni habari tofauti kabisa: hata mji ukikusamehe sharti la kuacha nafasi, shirika lenye bomba lina haki ya kuchimba, na banda litaondolewa.

Wapo wasemao kanuni zote hizi ni mzigo wa serikali zinazopenda kupanga kila kitu, na kwamba ardhi ya mtu ni ya mtu. Mfano wanaoupenda ni Houston, Texas, jiji kubwa lisilo na mgawanyo rasmi wa matumizi ya ardhi. Mfano huo unawageukia. Houston haina kanda, lakini ina mistari ya ujenzi kando ya barabara zake, na mitaa yake mingi ina masharti yaliyoandikwa ndani ya hati za viwanja, ambayo majirani wenyewe huweza kuyapeleka mahakamani. Mji uliokataa kupanga nani auze na nani aishi wapi umeona hauwezi kuishi bila kusema jengo lianzie wapi. Nadhani sababu ni rahisi: mkia wa gari unaochomoza unamgusa mtu wa tatu, ambaye hakuuza wala kununua kiwanja.

Lawama nyingine inatoka upande wa wasio na kitu, nayo ni nzito. Nafasi kubwa za kuacha huhitaji viwanja vikubwa, na viwanja vikubwa huwaweka nje wenye kipato kidogo. Marekani imetumia masharti ya namna hii kufunga milango ya vitongoji kwa miaka mingi. California imejaribu kurekebisha. Tangu Januari 2020, mji hauruhusiwi kudai zaidi ya futi 4, mita 1.2, pembeni na nyuma kwa nyumba ndogo ya pili inayojengwa uani, na gereji iliyokwisha kuwepo ikigeuzwa kuwa makazi haidaiwi nafasi yoyote, hata ikiwa imekaa mpakani kabisa. Wala mwenye nyumba halazimiki kutengeneza maegesho mapya badala yake. Jimbo lilikiri, kwa vitendo, kwamba mita nyingi za pembeni na nyuma hazikuwa na kazi kubwa kiasi cha kuwanyima watu pa kulala. Lakini gari lililokuwa, au lililodhaniwa kuwa, ndani ya gereji hiyo sasa liko nje moja kwa moja, na uwanja wa mbele ya mlango umepata thamani kuliko zamani.

Afrika Mashariki tunajenga tofauti, na kunakili futi 18 jinsi zilivyo kungekuwa uvivu. Tanzania ina Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kenya ina sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na idhini hutolewa na kaunti. Lakini nyumba ya Dar es Salaam au Nairobi yenye gari huwa na ukuta na geti kwenye mpaka wa mbele, na gari likishaingia haijalishi sana limelala chini ya banda au chini ya mwembe. Geti ndilo lenye kazi ya mlango wa gereji. Dereva anafika, anapiga honi, anasubiri mlinzi au mtoto aje kufungua, na muda wote huo gari lake lote liko nje ya geti: kwenye barabara nyembamba linazuia bodaboda na wanafunzi, kwenye barabara yenye lami linasubiri kugongwa. Geti likifungukia nje hali ni mbaya zaidi. Ramani hukaguliwa kwa makini nyumba imekaa wapi, na geti linachorwa kama mstari tu juu ya ukuta.

Kurudisha geti ndani kwa mita 5.5, ukuta wote mwingine ukibaki mpakani, kunahitaji pengo lililoingia ndani lenye upana wa mita 3.5 hivi, yaani mita za mraba 19 na kidogo, ambazo zinaendelea kuwa za mwenye kiwanja. Geti la kusukuma pembeni likitumika badala ya la mabawa, hakuna nafasi ya ziada inayopotea ndani. Gharama halisi ni kuta mbili za pembeni za pengo hilo, mita 11 za tofali, nondo na plasta, na kwa anayejenga kwa kudunduliza fedha hizo si kidogo. Halmashauri ikitaka alipe, ina cha kumrudishia: imruhusu banda lake lisogee hadi mpaka wa nyuma au wa pembeni, kwa ukuta usio na tundu na gata inayomwaga maji kwake, ili eneo alilopoteza mbele alipate huko.